Doa la grauti kwenye meza ya mama mkwe

Admin, tafadhali usiweke jina langu, Sumbawanga ni ndogo na mume wangu anausoma ukurasa huu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja, naishi Izia kwa mama mkwe. Mume wangu ni fundi wa vigae.

Aliweka vigae jikoni kwa mama yake, akaziba mianya kwa grauti ya epoksi, ile ya makopo mawili unayochanganya, ikikauka ni jiwe. Akachanganyia wapi? Juu ya meza ya mninga ya sebuleni! Meza aliyoitengeneza marehemu baba mkwe kwa mikono yake, vanishi kapaka mwenyewe. Ikamwagika, ikakauka. Mama alipotoka kanisani akauliza ni nani. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Mke wangu ndiye aliyeweka kopo hapo." Nikakubali kosa nimfichie aibu. Ujinga wangu huo.

Wakati huo nilishafunga mizigo niende Muze kwa dada yangu tuanze biashara ya mchele. Mume wangu alikuwa hataki hata kuisikia. Mama akasema, "Hutoki humu mpaka meza ya mume wangu irudi ilivyokuwa, na msasa usiguse vanishi yake. Ikitakata nenda, nitakubariki mwenyewe."

Jamani, nimeteseka! Kisu kinachubua mbao, thina inakula vanishi. Mwishowe rafiki yangu wa saluni akaniazima drayer. Napuliza joto taratibu, grauti inalegea, nainyanyua kwa kadi ya plastiki, kipande kidogo kidogo, mbao inabaki nzima. Mama mwenyewe akaanza kuniletea chai pale pale mezani. Dada akapiga simu, "We unakuja au nitafute mwingine?" Nikamjibu pamebaki padogo tu.

Juzi asubuhi nafunua kitambaa cha meza, nakuta doa jingine upande niliokwisha kuusafisha. Nikadhani nachanganyikiwa. Nikaligusa, likanata kidoleni. Nikafuta kwa kitambaa chenye siki na maji ya vuguvugu, likatoka lote. Wapendwa, grauti iliyokauka haifutiki hivyo! Ile ilikuwa ya asubuhi ile ile, na mwenye makopo humu ndani ni mmoja. Akapita akasema, "Pole mke wangu, bado tu? Si uwaambie Muze mpaka mwakani." Huku anacheka!

Roho inaniuma. Nikimwambia mama, ataniuliza mbona siku ile nilikubali kosa, na huyu ndiye mwanawe wa pekee. Nikinyamaza, nitasafisha meza hii mpaka nizeeke.

Sasa hivi nimekaa na drayer mkononi, limebaki doa la mwisho, dogo kama kucha. Mama yuko chumbani anachagua kitenge cha kunipa nisafiri nacho. Vigae vya jikoni vilikwisha zamani, lakini namsikia mume wangu huko anakoroga kitu kwenye kopo. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini?