Sekunde Mbili za Minza

Akili yangu imekataa. Minza wa Bugarama tumemzika Alhamisi kwa baba yake, kule Ibadakuli, nimesharudi Geita, nimekaa dukani kwangu na simu mkononi nasoma posti zenu. Naona kinyaa.

Mishumaa. Njiwa. "Nguzo yetu imeanguka." Nguzo gani jamani? Si nyinyi mliokuwa mnamwita Mdandiaji?

Kwa wasiomjua: Minza alikuwa dispatcher, mpanga safari za malori yanayopeleka mizigo migodini. Shift nzima anaongea na madereva kwa redio. Akitoka shift anakaa tena kwenye redio ya ridhaa, ile ya sisi wenye leseni tunaopiga soga hewani kwa kupenda tu.

Nilimuuliza siku moja, "Dada, huo mdomo hauchoki?" Akanijibu, "Kule naongea ya bosi, kaka. Huku naongea yangu."

Bugarama alikopanga kuna makarasha ya kusaga mawe pande zote. Zile mota zinajaza redio makelele, humsikii mtu. Mwingine angekata tamaa auze redio. Yeye aliifunga kwa baba yake Ibadakuli, antena nyuma ya zizi la mbuzi, akawa anaiendesha kwa simu kutoka chumbani kwake Bugarama.

Mzee naye akawa fundi msaidizi. Kiangazi udongo ukikauka anamwagia maji kile chuma cha earth kilichochimbiwa ardhini, ili redio ishike vizuri, kila asubuhi, kabla hata ya kuwanywesha mbuzi. Minza alikuwa anasimulia hilo huku anacheka mpaka anakohoa.

Ila kulikuwa na shida moja. Sauti yake inapita kwanza kwenye mtandao mpaka Ibadakuli, ndipo iingie hewani. Na za kwetu kumrudia ni hivyohivyo. Inachelewa. Kidogo tu, lakini inachelewa.

Jumamosi asubuhi kundi letu linakutana hewani. Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwingine?" Minza akisikia anabonyeza kitufe cha kusema palepale. Kabla sauti yake haijatoka, Mwenyekiti keshampa mtu mwingine nafasi, na salamu ya Minza inamwangukia huyo mtu katikati ya maneno. "Mwangaluka," anasema, salamu ya asubuhi ya kwao Usukumani. Watu wanaguna, Mdandiaji huyo kadandia tena.

Aliwaomba kwa adabu zote, nilikuwepo. "Shikamooni wakubwa zangu. Mtu akimaliza kusema, tungoje sekunde mbili ndipo aingie mwingine. Mbili tu, na mimi nitapata."

Mwenyekiti akacheka. "Binti, hatuwezi kwenda mwendo wa kinyonga kwa ajili ya bando lako." Mkacheka wote. Mmoja wenu akamwambia ahamie mjini. Leo huyohuyo kaweka picha yake na moyo mweusi. Unajijua.

Watu wazima, mna vyeti ukutani, mnajua kabisa kwa nini sauti inachelewa. Mngekuwa hamjui ningewasamehe.

Baba yake aliwahi kuniambia jambo. Redio iko sebuleni kwake. Minza akiongea, taa nyekundu inawaka. "Ikiwaka najua mwanangu anasema," mzee akaniambia. "Ikizima nategea wamjibu. Nasikia wanaongea habari za mtu mwingine."

Kila Jumamosi mzee wa watu anakaa kwenye kiti anaangalia taa.

Jumamosi ile ya mwisho Minza alikuwa amelazwa. Hamkujua, kwa sababu hamkuwahi kumsikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti akafunga kikao, mkaaga, mkazima redio zenu mkaenda kunywa supu.

Mimi sikuzima. Sizimagi, nilishazoea kumsubiri. Ikapita kidogo, sauti yake ikaingia, imekauka kabisa. "Mwangaluka wote. Ni Minza. Leo siko vizuri, nimeona niwasalimie tu."

Nikamjibu nimempata vizuri. Nikangoja. Ikaja ile sauti yake ya kucheka. "Basi mmoja anatosha, kaka." Jumanne akaondoka.

Jana, Jumamosi, nilikuwa bado msibani. Mzee alikataa redio kuzimwa, ikawa inaunguruma pale sebuleni, akina mama wamekaa kwenye mikeka. Saa yenu ikafika. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya majonzi kwamba kundi limempoteza dada mwenye nidhamu ya hewani, na kabla ya yote tukae kimya dakika moja kwa heshima yake.

Mkakaa kimya. Wallahi mlikaa. Dakika nzima hakuna aliyebonyeza, hakuna aliyekohoa, hata yule wa Geita mjini asiyeweza kufunga mdomo.

Mzee alikuwa anaiangalia ile taa. Haikuwaka. Dakika ilipoisha akanigeukia, akauliza taratibu tu, kama anauliza bei ya chumvi.

"Kumbe wanaweza kusubiri?"

Nilitoka nje nikasimama kule kwenye zizi. Nyinyi mnaoweka mishumaa, mpelekeeni mzee jibu lake. Nyumba yake mnaijua, antena inaonekana toka barabarani.

Mwenyekiti, usinipigie simu. Sitapokea.

Minza, dada yangu, ile redio haitazimwa. Nimemwahidi baba nitakuwa nakwenda kuangalia waya, na yeye ataendelea kumwagia maji chuma chako. Jumamosi wakishafunga na kuondoka zao, mimi nitabaki palepale kwenye masafa kidogo, kama tulivyozoea.

Mwangaluka, dada. Lala, usiwe na haraka. Nakusubiri.