Mtamba wa Baba Kule Basotu

Baba alitaka kitu kimoja tu: amwone mtamba wake kabla macho hayajazimika kabisa. Daktari wa macho alishanyoosha mikono. Kwetu Mbulu hufugi ng'ombe wako wote zizini kwako. Wengine unawaweka kwa rafiki wa mbali, awatunze, anywe maziwa, nao wanabaki wako. Baba aliweka jike moja kwa rafiki yake Basotu, na jike hilo lilikuwa limemzalia mtamba mwenye paji jeupe.

"Barabara kubwa imekatika kwa mvua," nikamwambia.

"Si upite ile ya zamani? Au unaogopa?"

Niogope, mimi? Nikawasha gari.

Ukungu ulitumeza mlimani, hata boneti silioni. Mawe yalikuja taratibu, moja moja, yakatunyanyua, yakatuachia, ikawa kama tunateremka usingizini. Baba ndiye aliyeniongoza. "Shika kulia, kuna jiwe." Kweli, jiwe. "Wee, acha breki! Gia namba moja ikushushe yenyewe." Jamani, nilivyofurahi! Mzee bado anaona.

Bondeni udongo mweusi ukatupokea. Nikaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, lakini usukani ulikuwa mwepesi mikononi na gari likateleza kiubavu kando ya ngano iliyolowa, kimya, sijui tena kama naendesha au naendeshwa. Hapo ndipo nikaanza kuogopa kufika. Na kama mawe yale aliyakumbuka tu? Akifika asione, je? Nikatamani tuendelee kuteleza hivyo hivyo hadi kesho.

Tulifika jua likiwa bado juu. Rafiki yake alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umepita kule mlimani? Una kichaa wewe!"

Akaenda kumleta mtamba, akamsimamisha upande wa kushoto wa baba. Baba alikuwa ameelekea kulia, kwenye uzio wa minyaa.

"Aisee, mzuri!" akauambia uzio. "Na paji lile! Mama yake mtupu."

Nikafungua mdomo. Rafiki yake akanikazia macho, nikaufunga. Kisha akamshika mtamba pembe, akamzungusha polepole, hatua kwa hatua, mpaka akamsimamisha pale pale baba alipokuwa anatazama.

"Ndiye huyo," akasema. "Mwangalie vizuri."

Baba akaendelea kusifia. Mimi nikaenda nyuma ya gari, nikalia.