Mwezi wa Rangi ya Gaju

Mzee Ntare wa Gahanga alikuwa na ugomvi na mwezi. Alishikilia kwamba mwezi wa Kigali umeharibika. Kule Uganda, alikozaliwa ukimbizini na kuchunga ng'ombe mpaka akaota ndevu, mwezi ulikuwa mweupe pe. Huu wa hapa ni gaju, ile hudhurungi ya ng'ombe iliyofifia. Lawama alizitupia taa za barabarani, vumbi la majumba mapya, na pia vijana wa siku hizi, ambao kwake walihusika na kila kitu.

Ukweli aliujua, ila aliukalia. Kazi iliyompa jina ni kusifia ng'ombe wa mahari. Siku ya posa, upande wa bwana harusi ukishaleta ng'ombe, husimama mtu na fimbo yake akawataja mmoja mmoja kwa rangi na majina ya fahari, na ukumbi mzima ukatulia kumsikiliza. Ntare alikuwa fundi wa maneno hayo. Lakini baada ya Pasaka, kwenye sherehe moja huko Kiyovu, aliletewa ng'ombe mweupe kabisa, naye akamsifia kwamba ni gaju. Wageni walicheka kwa adabu, wakidhani ni utani. Yeye akacheka nao, na alipofika nyumbani hakugusa chakula.

Sasa mjukuu wake Kaliza alikuwa anaposwa mwezi wa nane, na Ntare alishaapa kwamba ng'ombe wa Kaliza hatawasifia mtu mwingine maadamu yeye yu hai. Ndani ya nyumba watu walianza kunong'ona kuhusu kijana fulani mwenye kipaza sauti, wa kusimama badala yake. Mukunde, binti yake mkubwa na mama wa Kaliza, alimbembeleza akapimwe macho, asije akawa na mtoto wa jicho. Mzee akajibu kwamba macho yake hayana neno, kinachotaka kupimwa ni mwezi.

Mukunde anafundisha fizikia sekondari, na mtu wa namna hiyo ukimwambia kitu kipimwe, anakipima kweli. Alichukua boksi la viatu, akalichana ufa mwembamba kwa wembe, ndani akabandika kipande cha CD mbovu, juu akaacha tundu la kuchungulia. Mchana alilielekeza kwenye ukuta mweupe uliopigwa na jua, akapiga picha kwa simu. Mwanga ukachambuka, rangi zikajipanga kuanzia nyekundu hadi zambarau. Alimweleza baba yake kwamba mwezi hauna mwanga wake, huazima wa jua, kwa hiyo rangi zake zinapaswa kuwa karibu zilezile. Kama ni kweli umegeuka gaju, buluu itakuwa imetoweka, na yeye hatataja tena habari za macho. Mzee alikubali upesi mno.

Mwezi ulikuwa haujajaa bado, kwa hiyo jua lilipozama wenyewe ulikuwa umeshapanda juu ya paa. Wakatoa viti uani. Mukunde alichungulia kwanza, akapiga picha yake. Ntare akadai zamu. Alilishika boksi kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu mpaka rangi zikajitokeza, hafifu, akawa anaziita kama anavyoita ng'ombe: nyekundu, machungwa, manjano, kijani kidogo. Baada ya hapo, giza.

"Unaona?" alisema kwa furaha. "Inakatika hapa. Buluu iko wapi?"

"Iko, Papa. Mimi naiona."

Mzee akataka kuonyeshwa ile picha ya mchana. Aliisogeza simu mpaka ikagusa pua. Nayo ilikatikia palepale, kwenye kijani. Kulisingizia na jua hakuthubutu.

Aliliweka boksi mapajani. Halafu akalisema lile alilokuwa akilificha tangu ile siku ya Kiyovu, kwamba anaogopa. Aliogopa kisu cha daktari, na zaidi aliogopa kitakachofuata.

"Hii manjano ni kidogo, lakini iko yangu," alisema. "Wakiitoa na kitu kisirudi, nitasifu nini?"

Mukunde hakumhubiria. Alimpenda sana jioni hiyo, mzee wake huyu mbishi, na hakuona aibu kulia karibu naye. Alivuta kiti, akaegemeza kichwa begani kwake kama zamani. Ntare akampapasa nywele. Vidole vyake vilipita juu ya sikio, vikasimama.

"Hizi ni ngumu. Iko na rangi gani?"

"Nyeupe, Papa."

"Zote?"

"Hizo za mbele zote. Za nyuma bado bado."

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

Mzee aliyezijua rangi za ng'ombe wote wa Gahanga akaendelea kupapasa, polepole, kama anayetafuta mahali zilipoanzia.

"Jumatatu unipeleke hospitali," akasema. "Nataka nikuone unavyozeeka."