Kilio ya Nzobe mu Katuba

Juzi mvula ya kwanza ilinyesha, na mwanaume mumoja akapita mbele ya mulango yangu, amebeba mikeka ya matete ku kichwa, yote imelowana. Alikuwa anatoka ku soko ya Kenya, ule mutaa wa hapa Lubumbashi, na minaona habakumununulia hata moja. Mi nilikuwa naikaa pa kiti yangu, nafunika bunga ya mihogo yenye minauzishaka pale pa barabara. Ile harufu ikafika mbele ya muntu mwenyewe. Matete ya kulowana inanuka namna moja tu: kidogo majani, kidogo samaki, kidogo nguo yenye haikukauka muzuri. Nikamuita. Nikanunua mukeka. Sikuwa na lazima nayo. Niko peke yangu mu nyumba, na iko mikeka ingine yenye hakuna muntu anailalia. Lakini niliingiza, nikafunga mulango, nikaweka pua ndani sawa vile mbuzi inanusa gunia.

Sasa munisikilize polepole, juu mi sijue kuelezea bintu kwa mustari. Masomo nilifanya kidogo, na ile kidogo uzee imekula. Pua yangu haikuendaka ku masomo, njo maana haisahau.

Mi nilizaliwa mu kisiwa. Jina yake sitaitaja. Leo hakuna mwenye anaishi kule wa kukasirika, na hakuna wa kufurahi. Iko mu ziwa, mbali na Lubumbashi, safari ya kuvunja mugongo: lori, kiisha kinga ya kukanyaga na miguu, kiisha bwato, ule mutumbwi wa kuchonga mu muti mumoja. Mama yangu alikufa ningali kamutoto ka ku mugongo, na Nkambo Ngoie, mama yake, nyanya yangu, njo alinilea.

Kule tulikuwa bantu kidogo na nyama mingi. Kiboko alitoka mu maji usiku kukula majani nyuma ya nyumba, tukamusikia anatafuna sawa muzee mwenye hana meno. Fisi-maji, ile yenye kuogelea na mustashi yake, iliiba samaki mu migono yetu, na Nkambo alikuwa anaitukana kwa majina ya wakwe zake, mumoja mumoja, mpaka majina iishe. Tumbili zilikaa ku miti ya makaburi, juu ile njo miti yenye hakuna mwenye alisubutu kukata. Lakini mwenye kisiwa alikuwa nzobe.

Kama haumujue nzobe, ni nyama ya kama mbuzi mukubwa, manyoya marefu ya mafuta, na inaishi mu matete katikati ya maji. Kwato yake ni ndefu sana, na imeachana sawa vidole vya muntu mwenye anakuonyesha mbili, juu isizame mu matope. Ikiogopa, haikimbie. Inaingia mu maji yote, inaacha pua tu inje, na inangoja. Mi nilijifunza kuogopa kwake yeye. Hata leo, bantu bakigombana, ninaacha pua inje na ninangoja.

Sisi tulikuwa ukoo ya nzobe. Hatuikule. Mwenye ataikula, ngozi yake itatoka madoa meupe. Na nzobe ikikufa, banamuke ba ukoo banajifunga lukanda ya matete ku kichwa, banaikaa chini pa udongo bila mukeka, moto inazimwa, na banamulia mpaka jua inaingia. Kiisha batani betu, ukoo yenye tunataniana nayo, banafika kutuchekelea: «Huyu ndugu yenu alikuwa na mukia. Mali yake mutaigawanya namna gani?» Njo namna kilio ilikuwa inaisha, na kicheko.

Bawindaji ba ngambo balikuwa na bunduki, na njaa pia, sitabaseme vibaya. Lakini kila asubui Nkambo alienda pa mulomo ya mufereji, mahali bwato zinaingilia mu matete. Alivuta tete mbichi ya upande huu na ya upande ule, akazifunga fundo, sawa unafunga kamba ya kiatu. Fundo ya kijani ilikuwa inasema: huku kumefungwa, mwenyewe amepita leo. Muwindaji akiona vile, anageuza bwato. Fundo ya kukauka haina nguvu, ni majani tu. Kwa hiyo mvula, homa, ao mugeni mu nyumba, Nkambo alienda. «Maji haina mulango,» alisemaka, «lakini iko na mwenyewe, na mwenyewe anaamukaka mapema.»

Kiisha kikohozi kikamuingia. Alikohoa musimu muzima, na siku moja akanifunga nguo yangu mu kitambaa, akanipana kwa bacuuzi ba samaki, banipeleke Lubumbashi kwa Mama Mukubwa Stefania, mutoto wake wa kwanza, mwenye aliolewa kule, mu mutaa ya Katuba.

«Unaenda kusoma,» akasema. «Matete ikitoa maua, minakuja kukutwala.»

«Na asubui nani atakuamusha?» Maana mi njo nilikuwa ninamuamusha.

«Fundo itaniamusha.»

Mu Katuba kulikuwa bantu mpaka mu njia ya choo, na mi sikukuwa na muntu. Maji ilitoka mu robine, haikuwa na harufu. Udongo ilikuwa nguvu. Mi nilikuwa ninatembea nikiinua miguu juu, sawa muntu wa mu matope, na batoto ba jirani bakaniita Bata. Mama Mukubwa alikuwa muzuri, lakini mwanamuke wa maneno kidogo. Batoto bake balikuwa bakubwa, balishaenda. Baba Mukubwa, bwana yake, seremala wa kutoka Kasai, njo mwenye alijua kucheka, lakini alitoka na kinga yake mapema kwenda mujini na alirudi na njaa. Alikuwa anatuchokoza mi na Mama Mukubwa juu ya ile nyama yenye hatukule. «Kwetu,» alisema, «chenye kiko na miguu na si meza, kinaingia mu chungu.»

Mu lupango ya jirani, mu kauwanja kabo, mahindi ikatoa maua, ile kintu ya juu sawa ufagio. Mangaribi nikamuonyesha Baba Mukubwa. «Baba, na kule matete ilishatoa?»

Akashika pua yangu na vidole vya kunuka gundi. «Bata, mahindi haijue habari ya matete.»

Mara kwa mara bacuuzi balileta kifurushi: samaki wa moshi, amefungwa na matete, na juu fundo ya Nkambo. Mama Mukubwa alitwala samaki. Mi nilitwala fundo. Sikuifungua hata siku moja. Nilikuwa ninaitosha polepole, nzima, ninaiweka chini ya kitanda. Zilikauka pale, lakini harufu ilibaki, na usiku nilishusha mukono nikazigusa.

Halafu bifurushi bikachelewa. Siku moja mucana akaingia mwanaume mwenye sikumujua, vumbi ya lori mpaka mu kope. Aliweka kifurushi karibu na mbabula, jiko ya makala ya moto, yenye ilikuwa inaivisha maharagi, akamuomba Mama Mukubwa baingie mu nyumba. Mi sikuangalia uso yake. Nilinusa matete, nikarukia.

Hakukuwa fundo. Ilifungwa na mupira ya kinga, ule mweusi wa kukata. Nikajisemea, labda Nkambo anachoka na fundo. Nikavuta. Ndani mulikuwa samaki, na chini ya samaki muguu moja ya nyama ya moshi. Na ku mwisho ya muguu, kwato ndefu inanionyesha mbili.

Sikuuliza muntu. Nilijua kazi yangu. Nikapasua lukanda mu yale matete, nikaifunga ku kichwa. Nikamwanga maji mu mbabula, moshi ikapanda, maharagi ikanyamaza. Nikaikaa pa udongo nikaanza kulia, namna ya kwetu, na sauti ya kupanda na kushuka.

Georgette wa jirani, mutoto wa kinywa mukali, akaweka kichwa juu ya ukuta ya lupango. «Mukuje muone, Bata analilia nyama. Sisi kwetu tunaliaka juu nyama hakuna. Ye analia juu nyama iko.»

Bakajaa pale batoto bote, banacheka mpaka banashikana. Mi nikaendelea. Nilikuwa muntu mumoja wa ukoo mu ile muji yote, na nilisema kama sitamulia, nani atamulia?

Mulango ikafunguka, Mama Mukubwa akatoka. Niliogopa fimbo juu ya maharagi. Aliangalia moto yenye ilikufa, akaangalia ile kwato, akaangalia lukanda ku kichwa yangu.

«Mama,» nikamuuliza, «nani alifungua fundo ya Nkambo?»

  Akaikaa pale pembeni yangu pa udongo, akatosha kitambaa ku kichwa, akalia na sauti yenye sikumujua nayo, sauti ya kisiwa. Sauti ya kupanda na kushuka.

Mama ya Georgette akakimbia akaingia, akamupiga binti yake kofi ku mugongo akipita, akaikaa na sisi. Bengine bakafika, na bunga, na makala. Mangaribi Baba Mukubwa akarudi, akatupa kinga ku ukuta, gurudumu ikabaki inazunguka. Hakusema hata neno moja la kuchekesha. Alipindua mbabula, miguu juu. Halafu yeye, muntu wa kukula kila kintu, akabeba ile muguu ya nyama na mikono mibili, akachimba shimo chini ya mupapai, akaizika, akasawazisha udongo muzuri sawa anapiga randa.

Mi niliangalia yote, na mu moyo nikasema: kumbe mu Katuba pia banamujua nzobe.

Bantu balilala inje mu lupango yetu. Mama Mukubwa alinyoa nywele. Nilipewa bukari, ile ugali yetu, mbele ya bakubwa, na banamuke benye sikujua balinishika ku kifua yabo. Georgette akaniletea muwa. Jina ya Bata ikakufa ile wiki. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Tangu nifike, ile njo mara ya kwanza nililia na bantu.

Batani tu njo habakufika. Nilibangoja baje batucheke, ili kilio iishe. Habakufika.

Na Nkambo pia nilimungoja. «Njia ni mubaya,» Mama Mukubwa alisema, akiangalia ukuta. Musimu ingine: «Ziwa imejaa.» Nikauliza mara kidogo kidogo, kiisha nikaacha, sawa muntu anaacha kukuna kidonda. Mwenye nilichukia ni ule mwenye alifungua fundo. Nilimutengenezea uso mu kichwa: jino moja ya kuvunjika, kofia. Nilikomaa na ule mwanaume.

Miaka ilipita. Nilikuwa na mutoto wangu ku mugongo, nilienda ku kilio ya jirani, na pa mulango nikaona mbabula imepinduliwa, miguu juu. Banamuke balikuwa banafika na bunga, na makala. Nikasimama pale pale. Muntu hapindue mbabula juu ya kifo ya nyama. Habalete bunga juu ya nyama. Nikarudi nyumbani bila kusalimia mwenye kufiwa.

Mama Mukubwa alikuwa anasonga bukari. Alikuwa tayari muzee.

«Mama, ile siku ya nzobe.»

Hakugeuka. Muiko iliendelea kuzunguka.

«Ulifikiri tunalia nani, mwanangu?»

«Nzobe.»

Akasonga, akasonga, akapiga muiko pa mudomo ya chungu.

«Na yeye pia,» akasema.

Kwetu mutoto haambiwe kifo na kinywa. Anapelekwa aone mwenyewe. Kwenda hakukuwa namna, mvula ilikata njia, na Nkambo alishazikwa ku miti ya tumbili. Ule mugeni alileta habari, na juu muntu haende ku kilio mikono mitupu, akanunua nyama pa njia. Hakujua ukoo yetu.

Sasa mujukuu yangu Plamedi alinipitia siku ile ya mukeka, na telefone yake. Nikamuambia anitafutie nzobe. Akaniwekea picha, ni yeye kweli, na ile macho. Akasoma: «Nkambo, banasema haiko sana mu hatari. Ingali mingi mu dunia.»

«Na mu kisiwa yetu?»

Akatafuta, akavuta picha ya ziwa na vidole mpaka maji ikajaa telefone yote. «Kisiwa haionekane.»

Mi ninajua kwa midomo ya bacuuzi. Kiboko, bantu balibaua wakati ya vita. Miti ya makaburi ikageuka makala, tumbili zikaenda na miti. Fisi-maji ingali inaonekana siku ingine. Muizi hakosekane. Nzobe, hakuna. Nilifurahi juu ya ile ya dunia. Lakini hata bantu beko bengi mu dunia, na mi ninalala na mikeka yenye hakuna mwenye anailalia.

Plamedi aliporudi kwake, nilichomoa tete moja mu mukeka, ingali na mvula. Nikafunga fundo pa mulango. Mikono haikusahau. Asubui niliikuta imekauka, nikaigusa, ikavunjika.

Hakukuwa mwanaume wa kofia. Mwenye kufungua hakukuweko. Fundo ya matete haingoje muntu wa kuikata. Inangoja asubui moja tu yenye mwenyewe hakuamuka.