Natakiwa Nimlilie Baba, na Machozi Hayaji

Mhariri, naomba unifichie jina, ingawa watu wa kwetu wakiisoma habari hii watanijua. Nina umri wa miaka ishirini na minne, sijaolewa, nimehitimu chuo kikuu mwaka huu, na nyumbani ni Nyacheki, katikati ya mashamba ya chai. Mwezi ujao naanza kufundisha katika shule ya upili iliyo mbali na hapa. Naandika kwa utulivu ambao wengine wanauita kiburi. Huenda ni kiburi kweli, sijui.

Baada ya mtihani wa mwisho, mimi na rafiki yangu wa chuoni tulikata shauri kwenda hadi Zambia kwa nauli rahisi kuliko zote: daraja la tatu kwenye meli kutoka Kisumu hadi Mwanza, daraja la tatu kwenye treni, kisha lori lolote lenye dereva mwenye heshima. Tulilala kwa waumini wa kanisa letu, katika madarasa ya misheni, na mara moja katika ghala la pamba. Mama alikuwa amepinga. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alisema, "Mwache aende. Akishaolewa, nchi za watu ataziona kwenye kalenda." Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mfuko wangu begani, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawamfanyii binti.

Katika safari ya namna ile hakuna ajuaye ulipo, kwa kuwa hata mimi mwenyewe asubuhi sikujua jioni ningelala wapi. Niliona huo ni uhuru mkubwa kuliko shahada. Bado sijaamua kama nilikosea.

Siku niliporudi, gari lilinishusha Masimba. Nikasimama kununua ndizi mbivu kwa mama mmoja, naye akautazama mfuko wangu, kisha viatu vyangu vilivyochanika.

"Wewe si wa Nyacheki? Yule aliyeenda kwa Watanzania?"

"Ndiye mimi."

"Ee! Popote Alipo!" Akacheka, akamwita mwenzake. "Njoo umwone Popote Alipo! Mwanangu, redio imekuita mpaka betri zetu zikaisha."

"Iliniita kwa nini?"

Kicheko kikakatika. Akanirudishia sarafu yangu pamoja na ndizi. "Nenda nyumbani. Usiambiwe na watu wa barabarani."

Nilielewa kwamba ni kifo. Sikujua ni cha nani mpaka nilipofika langoni nikaona udongo mpya kando ya nyumba, na mama amesimama mlangoni, mzima. Baba alikuwa ameanguka shambani akichuma chai, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Tangazo likasomwa redioni kwa jina langu kamili, kwamba popote nilipo nirudi haraka. Walinisubiri kadiri walivyoweza, kisha wakazika.

Kwetu, mtu aliyekosa mazishi huanza kulia tangu langoni, sauti isikike ng'ambo ya bonde, na wanawake wa boma hutoka kumpokea kwa kilio. Walitoka. Walikuwa wameshaweka mikono vichwani. Nami nikatua mfuko, nikawapa mkono mmoja baada ya mwingine, nikasema, "Hamjambo?"

Shangazi, dada yake baba, akarudi nyuma hatua moja. "Ametusalimia! Kama mkaguzi wa shule!"

Hakuna aliyecheka. Mama akaingia ndani kuwasha moto.

Tangu siku hiyo nakula, nalala, nachuma chai. Chozi haliji. Nimesimama mbele ya kaburi nikijitahidi kumfikiria baba, nikajikuta nafikiri kwamba nyasi za pale zinahitaji kufyekwa.

Sasa ukoo utakutana hapa Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka, na shangazi amekwisha kupanga.

"Utarudi mpaka barabarani, uingie upya. Ulie kama watu."

"Shangazi, hayo yatakuwa maigizo."

"Basi igiza! Unadhani waliolia siku ya mazishi wote walikuwa na machozi? Mmoja namjua, alikuwa analia huku macho yanatafuta sufuria yake aliyotuazimisha."

"Baba mwenyewe alikuwa akikemea vilio kule kanisani."

"Alikemea vya wengine. Chako angekitaka."

Majirani humuuliza mama tulikosana nini na baba hata nisimlilie. Wengine wanasema labda alinilaani. Mama habishani nao. Kila jioni huniuliza habari za safari, watu wa Tabora wanakula nini, wanalima nini, nami namweleza. Juzi tulikuwa tunapepeta wimbi, akasema bila kuinua macho, "Sikulazimishi. Lakini ukiweza, lia kidogo tu. Wasikie kule ng'ambo."

Nimesomeshwa kupima hoja, na hii imenishinda. Nikilia bila machozi, naona namdanganya baba. Nikikaa kimya, namwachia mama maswali ambayo si yake kuyajibu. Labda kilio kikianza kwa uongo kitageuka kuwa kweli katikati. Labda hakitageuka, na nitabaki nimesimama uani, mdomo wazi, mama akinitazama.

Ninyi mliozikiwa mzazi mkiwa mbali, nipeni shauri. Jumapili hiyo niingieje kwa baba?