Kibuyu Nilichokiosha

Wiki ya kwanza ya mikrobiolojia, mwalimu wetu wa chuo pale Musoma alitugawia visahani vyenye agari, chakula kigumu cha bakteria kinachofanana na jeli. Kila mtu alibonyeza kidole upande mmoja, akanawa mikono, akabonyeza upande wa pili. Baada ya siku mbili kwenye joto, upande wangu wa kwanza ulikuwa umeota madoa ya njano na meupe. Wa pili, baada ya kunawa, nao ulikuwa umeota. Darasa lilicheka. Mimi nilikosa hamu ya kula.

Tangu siku hiyo sikuamini kitu. Chumbani kwangu, mtaa wa Kigera, nilifungua mlango kwa kiwiko. Kikombe cha mama ntilie nilikigeuza kwenye mwanga mpaka akaniuliza kama natafuta chawa. Sabuni yenyewe niliishuku. Somo la pili sikulisikia, kwa sababu niliomba ruhusa kwenda Butiama kwa bibi. Jumamosi wakwe wa dada yangu walikuwa wanatoka Bunda kuja kujitambulisha, na mikono ilihitajika.

Bibi alikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando, cheusi kwa moshi, kizee kuliko mama yangu. Hakikuwahi kuona sabuni. Alikisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto, akakifukiza, na kila mara alibakiza maziwa kidogo chini kabla ya kumimina mapya. Nililelewa na kibuyu kile na tumbo halikuwahi kuniuma. Lakini Jumatano ile, bibi akiwa shambani, nilichungulia ndani, nikaona utando kwenye kuta zake. Niliwaza wageni wanaharisha njia nzima kurudi Bunda.

Nikamwaga yaliyobaki. Nikasugua kwa sabuni, nikaweka maji ya moto, nikamalizia na klorini niliyotoka nayo mjini. Kisha nikakifukiza moshi ili kinukie kama kawaida. Bibi aliporudi aliuliza maziwa ya chini yako wapi.

"Nimeyanywa, bibi."

Alifurahi sana, maana tangu nifike nilikuwa nakataa kikombe. "Si neno," alisema, akamimina mapya. "Kibuyu chenyewe kinajua kazi."

Jioni alikuja jirani yake, mama mmoja aliyeolewa kijiji kile mwaka mmoja na bibi, wakalima na kuzaa pamoja. Alikiona kibuyu kimeegemea ukuta kwenye jua, akakinyanyua, akakisogeza kivulini. Ni hivyo tu alivyofanya.

Jumamosi bibi alimimina mbele ya wakwe. Maziwa yalivutika kama mlenda na harufu yake ilijaa sebule. Baba mkwe alikiweka kikombe chini taratibu, akasema ameshiba. Kwa aibu ile nilitamani ardhi inimeze.

Wageni walipoondoka, bibi hakunitazama hata mara moja. "Miaka yote maziwa yangu yanagandaga vizuri," alisema. "Nani alikishika? Ni yeye jirani, aliyekisogeza kivulini. Anatuonea kijicho mtoto wetu anaolewa."

Nilikuwa na mdomo, na nilijua ni nani aliyekiosha. Nikanyamaza. Kesho yake asubuhi bibi alimwambia yule mama hivyo hivyo, kwenye ua wa minyaa kati ya nyumba zao, kwa sauti ya kusikiwa na majirani.

"Mimi?" yule mama aliuliza. "Mimi nikufanyie hivyo wewe?"

Akachukua jembe lake akaenda. Mimi nilipanda gari kurudi Musoma.

Chuoni niliazima daftari la rafiki ili ninakili somo la pili. Lilianza kwa kusema kwamba bakteria wengi hawatudhuru. Wale wanaogandisha maziwa hutengeneza asidi, na ile asidi huwazuia waharibifu. Ukiwaua wenyeji wote, anayewahi kuingia ndiye anayetawala. Nilisoma mara tatu. Nilijichukia.

Wiki iliyofuata nilirudi Butiama nikamweleza bibi kila kitu, mpaka asidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kama ulijua unafanya jema, kwa nini ulikifukiza moshi?"

Alijifunga kanga, akabeba kibuyu, tukaenda kwa jirani. Nilipiga magoti nikarudia maneno yale yale. Yule mama aliingia ndani, akatoka na kibuyu chake, akamimina maziwa kidogo ndani ya chetu.

"Haya ni ya kwako," alimwambia bibi. "Mbegu ulinipaga wewe nilipokuwa na mimba ya kwanza."

Bibi alilia. Mimi pia. Nilidhani yameisha.

Siku mbili baadaye maziwa yaliganda vizuri, na bibi alimwita mwenzake aje aonje wa kwanza. Yule mama alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza puani. Akanusa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akinusa kitu kilichotoka mkononi mwa bibi.

Kisha akanywa, akasifu. Bibi aliitikia vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa yamenigeukia mimi.