Pau Mbili za Mwalimu wa Mloka

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua gesti, ruksa kuleta redio kutoka Dubai. Kilichokosa ruksa ni mama kuishi na mwanawe. Mimi nilikuwa nafundisha Mloka, tembo wakituvunia mahindi kabla hatujayaonja, na binti yangu mdogo alikuwa Ikwiriri kwa mama mkwe, maana zahanati ilikuwa karibu na baba yake alikuwa hukohuko, akiendesha mashine ya kukoboa mpunga. Kila nikija, mtoto hujificha nyuma ya bibi yake. "Bibi, mgeni kaja." Mgeni! Niliyemzaa kwa uchungu wangu mwenyewe! Nilikuwa nikitabasamu, kisha naingia uani kulia.

Maombi ya uhamisho nilipeleka mpaka nikachoka. Ndipo waliokwisha kuhamishwa wakanitonya: yule afisa wa uhamisho amerudi kutoka kozi ng'ambo, na alichorudi nacho ni mchezo wa karata uitwao briji. Ukiwa mwenzake mezani, mambo yako hunyooka. Basi bonde zima walimu hatukuwa na chaki, lakini turufu tulizijua.

Mama mkwe aliposikia alishika kifua. "Mwanamke na karata? Astaghafirullahi!" Kisha akamtazama mjukuu wake aliyemng'ang'ania mguuni, akashusha pumzi. "Haya, nenda. Lakini jifunike vizuri."

Karata za kwetu nilizijua tangu utoto. Mnacheza wawili kwa wawili, na ukitaka mwenzio ajue una nini, unamkonyeza. Afisa alinikemea siku ya kwanza tu. Kukonyeza ni wizi, alisema, briji ni mchezo wa wastaarabu, na wastaarabu wana makubaliano. Kabla ya kucheza kila mtu hutaja namba na turufu anayoitaka, au husema 'bila turufu', na huko kutaja ndiko kunakopeleka habari kwa mwenzio.

"Kwa mfano," akasema, "mpinzani akianza kwa 'moja bila turufu', na wewe umejaa kopa na shupaza, sema 'pau mbili'."

"Hata kama sina pau, mzee?"

"Hasa kama huna! Mimi nitaelewa, nitachagua kopa au shupaza, ile inayonifaa. Na wapinzani wakitaka kujua maana yake, wataniuliza mimi. Wewe macho chini, mdomo kimya."

Sikushangaa sana. Kwetu anayekuja kuposa huanza na habari za mpunga, akaenda mpaka mafuriko, na mwenye binti anajua tangu salamu kilichomleta. Nikayashika makubaliano yale kama Alhamdu. Nikiwa Mloka nafukuza nguruwe shambani, midomo inacheza: pau mbili ni kopa na shupaza, pau mbili ni kopa na shupaza.

Jumamosi ya mchezo wenyewe tulikaa barazani kwa gesti moja ya Ikwiriri baada ya alasiri. Wapinzani wetu walikuwa mhandisi wa mradi wa barabara na mnunuzi mmoja wa ufuta, watu ambao afisa alitaka sana wamwone alivyostaarabika. Watu wakajaa kutazama, wengine wakinitazama mimi tu. Afisa alikuwa ameniambia sikioni, "Tukitoka hapa vizuri, suala lako limekwisha."

Mhandisi akaanza. "Moja bila turufu."

Nikatazama karata zangu, moyo ukaruka. Kopa tano, shupaza tano, uru mbili, na pau moja peke yake, yatima. Ya Rabi, siku yangu imefika! Nikasema kwa sauti ya darasani, "Pau mbili."

Mnunuzi wa ufuta akamgeukia afisa. "Mwenzio ana maana gani?"

Afisa akatabasamu. "Ana maana ya pau. Huyu mwalimu ni mkweli, hana mambo mengi." Zamu yake ilipofika akasema, "Pasi."

Pasi! Wote wakapita, pau ikawa turufu. Afisa akalaza karata zake mezani kama mchezo unavyotaka, na nikaziona kopa nne nzuri ajabu, na pau mbili ndogo za kutia huruma. Tulichapwa mpaka wauza karanga wakaacha kuuza wakaja kucheka.

"Mwalimu," afisa akasema mbele ya watu wote, "hizo pau zako ziko wapi?"

Mama mkwe hupenda kusema funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika. "Nilichanganya, mzee. Nisamehe."

Lau angenyamaza hapo! Lakini mstaarabu akakohoa, akawageukia wageni wake. "Mnaona? Anataka nimlete shule ya hapa barabarani. Mtu asiyekumbuka makubaliano! Akae Mloka kwanza, akili itulie."

Hasira ikanipanda hadi utosini. "Nikae Mloka?" Nikazigeuza karata zangu nilizokwisha kucheza, zilizokuwa mbele yangu. "Umenifundisha wewe, kwa mdomo wako! Pau mbili si pau! Kopa hizi, shupaza hizi, hesabu! Umesahau wewe, kisha nikae mbali na mwanangu mimi?"

Mhandisi akainama kuzitazama karata, akasema taratibu, "Hata mimi uliniambia hivyo, bwana." Afisa akaanza kukusanya karata zake moja moja. Nami nikajua nimeutupa uhamisho wangu.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama mkwe hakunilaumu. Binti yangu akachungulia mlangoni, akauliza, "Bibi, mgeni analala leo?"

"Analala," nikasema. "Hatoki tena."

Kazi nikaiacha, kila mtu akasema nimerogwa. Nikaweka meza ya chai na vitumbua pale wanapoteremka abiria. Haukupita muda afisa akaja, njaa haina cheo. Hakunitazama usoni.

"Vitumbua viwili," akasema.

"Viwili kwa maana ya viwili, mzee? Au nichague mimi?"

Watu wakaangua kicheko, naye akala cha kwanza akiwa amesimama, haraka haraka. Nikiwa namfutia sahani ya cha pili, kamkono kadogo kakanivuta khanga kutoka chini ya meza.

"Mama, na mimi nataka."

Nikampa na cha afisa cha pili.